Mwingereza, Mjapani na Zamu Yangu ya Jumapili

Gari la Kiingereza lilinuka petroli, ngozi na oili iliyoungua, na harufu hiyo ilikaa kwenye nguo zetu za kanisa hata baada ya Mama kuzifua na kuzianika kutwa nzima kwenye upepo wa Kitengela. Gari la Kijapani lilinuka plastiki iliyopata jua. Nikiwa nimechoka, na siku hizi ni nadra kunikuta sijachoka, harufu ya kwanza hunijia bila kuitwa: kwenye kituo cha petroli, mlangoni pa gereji, hata ndani ya lifti ya ofisi kule Nairobi fundi akiingia na ovaroli yake. Harufu ya pili hainijii. Lazima niitafute, ingawa gari hilo la pili ndilo lililotulea, likatupeleka hospitali, shuleni na mazishini, na halikutuacha barabarani hata siku moja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini moyo wangu hauna shukrani. Jibu ninalo, ila ni refu kidogo.

Tulihamia Kitengela wakati ambapo ukisimama nyuma ya nyumba yetu ulimwona pundamilia kabla ya kumwona jirani. Palikuwa na barabara ya Namanga, maduka machache yaliyopakwa rangi za matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia, kanisa letu la mabati, na baada ya hapo nyasi mpaka macho yachoke. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji huko Athi River na alirudi jioni na vumbi jeupe kwenye nyusi, tukamcheka kwamba amezeeka kazini. Mhandisi mmoja Mwingereza alipostaafu na kurudi kwao, aliacha nyuma ya nyumba yake gari dogo la michezo la viti viwili, fupi kwenda juu, lisilo na paa ila turubai lililochanika. Magurudumu yake ya spoku yalikuwa yamezama kwenye udongo mweusi na mchwa walikuwa wameanza kula mbao za sakafu, maana ndiyo, gari lile lilikuwa na mbao. Baba aliomba aruhusiwe kuliondoa. Alilivuta hadi kwetu kwa trekta, na jioni zake zote zikaishia chini ya boneti. Viti alivishonea ngozi ya ng'ombe aliyoinunua kwa watu wa Athi River, ngozi nene ambayo haikuacha kunuka mnyama hadi mwisho. Mama alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mtu ako na watoto watatu," alisema, "halafu analeta gari ya watu wawili." Baba alijibu kutoka chini ya gari kwamba watu wawili ni mwanzo mzuri.

Gari la viti viwili katika nyumba ya watu watano linahitaji sheria, na Baba alizitunga. Kila Jumapili baada ya ibada, Mama alirudi nyumbani kwa miguu na watoto wawili, na wa tatu akapanda gari na Baba. Zamu zilikwenda kwa umri: kaka yangu Mutua, kisha mimi, kisha Ndinda mdogo wetu. Safari ilikuwa ya kutoka Kitengela hadi Isinya, kunywa chai kwenye kibanda kimoja cha mama aliyemjua Baba, na kurudi. Kwenda, mtoto ndiye aliyezungumza. Kurudi, Baba ndiye aliyejibu. Na lililosemwa ndani ya gari halikushuka nasi nyumbani, hata kwa Mama. Injini ilinguruma, upepo ulivuma juu ya kioo kifupi cha mbele na kukujaza vumbi mdomoni, ikabidi upige kelele ili usikike, na mtoto anayepiga kelele hawezi kuona haya. Nilimpigia Baba kelele kwamba namwogopa mwalimu wa hesabu. Nilimpigia kelele kwamba nilikunywa maziwa ya Ndinda. Aliweka mkono juu ya mti wa gia, na kila alipolisikia jambo akainua vidole viwili kidogo kisha akavirudisha. Hakunikatiza. Kwa muda wote wa njia ile nilikuwa na baba mzima peke yangu, na mtoto wa kati hapati jambo hilo mara nyingi.

Kisha kulikuwa na Mzee Koinet. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Kajiado, mrefu, mwenye kofia ya kahawia na kicheko kilichofika kabla yake. Alifahamiana na Baba pale Kitengela, gari lake lilipopata pancha mbele ya kanisa letu, na tangu siku hiyo kila Jumamosi akitoka kuuza ng'ombe alipitia kwetu. Sisi watoto tuliinamisha vichwa, naye akatugusa utosini mmoja mmoja. "Sopa," alimsalimu Baba kwa Kimaasai. "Epa," Baba akajibu kwa lafudhi ya Machakos, na hapo ubishi ukaanza. Maana Mzee Koinet naye alikuwa na gari la michezo, la Kijapani, rangi ya machungwa, boneti ndefu na mgongo ulioteremka nyuma. Lilikuwa la aina ile iliyokuwa ikishinda rali za Pasaka alipokuwa kijana, akikimbia kandokando ya barabara kuyaona magari yakipita ndani ya vumbi. Aliapa siku hizo kwamba atalipata, na miaka mingi baadaye aliuza madume yake mazuri akalinunua kwa mtu wa Nairobi. Wazee wenzake walimwambia ameingiwa na wazimu. Alikubali, akawabeba mmoja mmoja kuwaonyesha wazimu wenyewe.

Nimeusikiliza ubishi wao mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuusimamia mahakamani. Baba alisema Mwingereza, ndivyo walivyoliita la kwetu, ni gari lenye adabu: ukiliuliza swali kwa usukani linakujibu papo hapo, unaijua barabara kupitia makalio, na kona za kabla ya Isinya unazikata kwa kuzitazama tu. Mzee Koinet alisema adabu gani ya gari linalovuja oili kila linapolala, linalozimika taa likionja ukungu, na ambalo lazima liandaliwe kama bibi arusi kabla ya kutoka. Ilikuwa kweli. Mwingereza alikuwa na kabureta mbili zilizopaswa kuvuta pumzi sawasawa, na Jumapili asubuhi Baba aliweka mrija sikioni akasikiliza moja, kisha nyingine, akigeuza skrubu kwa upole, huku sisi tukiwa tumevaa tayari na kengele ya kanisa ikilia. Mjapani alikuwa na silinda sita zilizokubaliana bila kusuluhishwa na mtu. Uligeuza ufunguo, akawaka. Saa yake ya dashibodi ilisema ukweli. Madirisha yalifunga. Kwenye barabara mbovu ya Bissil, ambako Mwingereza alikuwa akipukutisha nati, Mjapani alipita akiimba. Baba aliyakubali hayo yote, kisha akasema Mjapani ni gari lililofikiriwa na mtu mwingine hadi mwisho, likakuachia kazi ya kukaa tu. "Mwingereza alitengenezea mtu ambaye ako na marafiki wa kusukuma," alisema. "Mjapani alitengenezea mtu ambaye hana mtu." Mzee Koinet alicheka hadi kofia ikaanguka. "Sasa mimi ndio sina mtu? Na nimekuja kwako kila Saturday?"

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa vuli ambayo haikuja. Mawingu yalikusanyika upande wa Ngong, yakatutazama, yakaenda zao. Wafugaji walianza kushuka na mifugo kandokando ya barabara ya Namanga, ng'ombe wakitembea wamefumba macho nusu, na usiku tulisikia kengele zao zikipita. Mzee Koinet alikuja na kicheko kilichopungua. Nilikuwa na miaka kumi. Siku moja nikiwa nyuma ya jiko nikichambua mboga nilimsikia Mama akimwambia Baba kwa Kikamba kwamba Januari niende shule ya bweni, kwa watawa, upande wa Machakos. Alisema Kitengela inaharibika, malori yanalala barabarani na madereva wanaita wasichana, na mimi nina kichwa cha shule na nimeanza kurefuka. Mutua angebaki kwa kuwa ni mvulana, Ndinda kwa kuwa ni mdogo. Baba akasema sawa. Sawa hiyo iliniingia kama mwiba wa mgunga. Nilijua mwenye kuitoa ni yeye, kwa hiyo mwenye kuitengua ni yeye pia. Na nilijua mahali pa kumwomba. Jumapili hiyo Mutua alikuwa amemaliza zamu yake. Iliyofuata ilikuwa yangu.

Wiki nzima nilitayarisha maneno. Niliyasema nikichota maji, nikayasema kitandani chini ya blanketi ili Ndinda asisikie. Nilipanga kuanza kwa kusema kwamba nitaamka mapema zaidi, nitasoma kwa taa bila kuambiwa, sitakaribia barabara. Nilipanga kumwambia kwamba wakinipeleka, zamu zitakuwa za watu wawili na mimi nitasahaulika. Hilo la mwisho niliona ni kali mno, nikaliondoa, nikalirudisha. Niliamini kabisa kwamba ikiwa nitalipiga kelele katika upepo wa njia ya Isinya, vidole viwili vitainuka juu ya mti wa gia, na wakati wa kurudi Baba ataniambia basi, Mwende, baki.

Jumamosi Mzee Koinet akaja. Walikunywa chai nje, magari yakiwa yamesimama ubavu kwa ubavu, moja dogo la kijani linalodondosha oili kwenye karai, jingine la machungwa likiwa kavu na safi. Ubishi ulianza kwa uvivu, kwa sababu ya joto na kwa sababu ng'ombe walikuwa wanakufa, nao walitaka kuzungumza juu ya kitu kisichokufa. Mzee Koinet alisema la Baba ni la kupigwa picha. Baba alisema la Koinet linaendesha mtu badala ya mtu kuliendesha. Halafu Baba, ambaye alikuwa akitafuta namna ya kumchekesha rafiki yake, akasema, "Basi tubadilishane. Kaa na yangu, mimi nikae na yako. Tuone nani atalia wa kwanza."

Mzee Koinet aliweka kikombe chini. "Umesema tubadilishane?"

"Nimesema."

"Na umesema na roho yako?"

"Na roho yangu yote, Mzee."

Mzee Koinet alitazama gari la kijani kwa muda. Kisha akatemea mate kidogo kiganjani, kama wazee wa kwao wanavyobariki, akamshika Baba mkono akautikisa, macho yake yakiwa na maji. Baba alidhani ni utani unaendelea. Alimwonyesha jinsi ya kuvuta choki, jinsi ya kugonga pampu ya mafuta kwa kisigino cha spana ikikataa, akamwambia achunge sana asiwashe taa na kupiga honi kwa pamoja. Mimi nilisimama kwenye ukuta wa jiko. Nilimwona Mwingereza akitoka langoni, akikohoa, goti la Mzee Koinet likiwa limepita usukani, na nikajiambia ni jambo la wiki moja tu.

Kesho yake tulikwenda Isinya sote. Ilikuwa mara ya kwanza na Mama alifurahi, nisimnyime haki yake, kwa maana hakuwa amewahi kuonja chai ile ya kibandani iliyosifiwa kila Jumapili. Alikaa mbele na kitambaa chake kipya. Sisi watatu tulibanwa kwenye kiti kidogo cha nyuma, magoti kidevuni, Ndinda juu yangu. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Na lile gari lilikuwa kimya. Lilikwenda kwa kasi kuliko Mwingereza alivyowahi kwenda, nasi tukasikia Mutua akimeza mate. Mama aliimba wimbo wa ibada kwa sauti ya chini, kila neno likasikika. Nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni, na hapakuwa na upepo wa kuyafunika. Ningeyasema, Mama angesikia kwamba nilimsikiliza nyuma ya jiko, Mutua angenicheka, Ndinda angelia. Tulifika Isinya, tukanywa chai, tukarudi. Mkono wa Baba ulikuwa juu ya usukani safari nzima. Gia za Mjapani hazikuhitaji kushikiliwa.

Jumapili mbili baadaye Mzee Koinet alitualika kwake, ng'ambo ya mji wa Kajiado, mahali ambapo ardhi inaanza kuwa nyekundu. Nilifurahi kuliko wote. Nilijua tunakwenda kumrudisha Mjapani na kumchukua Mwingereza, na kwa kuwa hatuwezi sote kuingia kwenye gari la viti viwili, nilikuwa nimeshapanga jinsi Mama na wengine watakavyorudishwa na mtu mwingine, na mimi, mwenye zamu, nitarudi na Baba. Tulikuta watu. Mbuzi alikuwa amechinjwa, katika ukame ule ambao hakuna aliyechinja ovyo, na wazee wa rika lake walikuwa wamekaa kwenye viti vidogo. Mwingereza alikuwa katikati ya boma, ameoshwa, shanga zimefungwa kwenye usukani. Mzee Koinet alisimama akazungumza kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili ili tusiachwe nyuma. "Kutoka leo huyu hana jina ingine kwangu," alisema, mkono wake juu ya bega la Baba. "Huyu ni Pagari." Wazee waliguna kukubali. Mmoja aliyekaa karibu na Baba aliona hajaelewa, akamweleza kwa upole. Watu wakipeana ng'ombe, alisema, wanaacha kuitana majina yao, wanaitana Pakiteng' mpaka kufa. Wakipeana kondoo wanaitana Paker. "Sasa nyinyi mmepeana gari. Hatujawahi ona, lakini ni ile ile." Kila mtu alicheka. Baba naye alicheka, akichelewa kidogo. Mke wa Mzee Koinet akamletea Mama kibuyu cha maziwa kilichopambwa shanga, na Mama akakipokea kwa mikono miwili, akimwangalia Baba.

Njiani kurudi tuliipita Isinya. Kisha Mama akasema, taratibu, "Hiyo gari umepeana."

"Nitaongea na yeye," Baba akasema.

Hakuongea naye. Kila Jumamosi nilisubiri. Mzee Koinet alikuja na Mwingereza, akikohoa, akidondosha oili, akasimamisha langoni na kuita "Pagari!" kwa sauti ya mtu ambaye ng'ombe wake wamebaki wachache sana lakini bado ana kitu. Baba alitoka akaitika "Pagari," akafungua boneti, akasikiliza kabureta kwa mrija wake. Jioni moja Mama alimuuliza anangoja nini. Alisema, "Nikimwambia nataka gari yangu, nitakuwa nimemwambia yeye simtaki. Na mwaka huu? Wacha." Kwa hiyo kati ya sisi watano ndani ya gari lile la Kijapani kila Jumapili, tulikuwa wawili, yeye mbele na mimi nyuma, kila mmoja na maneno yaliyomkwama. Nilimchukia Mzee Koinet. Nilimchukia na kumwinamishia kichwa, akanigusa utosini, akaniambia nimekua.

Januari ilifika. Nilikuwa nimetumaini kwamba sanduku langu la bati halitaingia, lakini Mjapani alikuwa na mlango mkubwa wa nyuma na sanduku liliingia vizuri, godoro likakunjwa juu yake, ndoo pembeni. Kila kitu kiliingia. Mama alikuja, na Ndinda alikuja kwa sababu alilia. Tulipofika kwa watawa Baba alinishika bega akasema, "Soma." Walipokuwa wanaondoka nilisimama kwenye kokoto nikiomba gari lisiwake. Mwingereza asingewaka. Kwa vumbi lile na mlima ule tuliopanda, angekataa kabisa, Baba angefungua boneti, jua lingeteremka, na katika kungojea huko pengine ningesema. Baba aligeuza ufunguo. Mjapani akawaka mara moja, kama kawaida yake, na wakaenda.

Sikuteseka, nisitie chumvi. Nilisoma. Nilipata kazi, kisha nyingine, nikaolewa, nikaachana, nikarudi kuishi Kitengela katika ghorofa linalotazama maghorofa mengine. Mutua yuko Mombasa, Ndinda alikwenda ng'ambo. Mjapani alimtumikia Baba hadi kutu ikamla kutoka chini na mguu wa Mama ukapita sakafuni. Yuko nyuma ya nyumba hadi leo, na kuku wanataga kwenye kile kiti cha nyuma. Ukimfungia betri saa yake bado inatembea. Mwingereza, nilisikia, alikufa mapema sana kule Kajiado, maana Mzee Koinet hakuwa na subira ya mrija. Lakini alikataa kumuuza. Watu wa Nairobi wanaokusanya magari ya kale walimfuata mara kwa mara na akawapa chai.

Mwezi uliopita Mzee Koinet alimpigia Baba simu. Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia. "Pagari," alisema, sauti ikiwa imekonda, "macho imeisha. Kuja nikusikie." Niliomba ruhusa kazini, ruhusa ambayo nitailipa kwa kufanya kazi wikendi, nikambeba Baba katika gari langu jeupe la mkopo, linalofanana na kila gari jeupe la Kitengela. Mama alisema mgongo wake hautaki safari. Barabara ya Namanga siku hizi ina ukuta wa maduka karibu njia nzima. Baba alitazama nje akitafuta kitu, nadhani nyasi. Mimi nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, na simu yangu ililia hadi nikaizima.

Wazee wale wawili walishikana mikono wakakaa hivyo, wakiitana jina lile la gari kana kwamba ndilo mazungumzo yenyewe. Kisha Mzee Koinet akasema tuonyeshwe. Mjukuu wake alivuta mlango wa banda. Mwingereza alikuwa ndani, juu ya mawe, amefunikwa blanketi. Shanga zilizobaki zilikuwa bado kwenye usukani. Harufu ilinipiga kabla sijaingia, ile ile, ngozi na oili, na nikafumba macho kuivuta, mimi mwanamke mzima mwenye miwani. Mzee Koinet alitembeza kiganja kwenye bodi hadi mlangoni, akaufungua, akasema, "Mwende, ingia. Pagari, wewe pia. Mimi nitangoja."

Nilikaa kwenye usukani kwa sababu Baba hakuweza kupita chini yake. Yeye alishushwa polepole kwenye kiti cha pembeni, kile kilichokuwa changu. Tulikuwa tumebanana bega kwa bega. Nilikuwa nimesahau udogo wa gari lile. Baba alinyoosha mkono akauweka juu ya mti wa gia, akautikisa, ukakataa.

"Ilikuwa zamu ya nani?" akauliza. "Ile Sunday."

"Yangu."

Aliinamisha kichwa kukubali. Nje Mzee Koinet alikuwa akimuuliza mjukuu kama tumekaa.

"Na ulikuwa na neno?"

Nilikuwa nalo, halijaoza. "Nilitaka kukuomba nisiende boarding."

Baba alitazama ukuta wa mabati mbele yetu. Nilijitayarisha kwa pole, au kwa kuambiwa kwamba bweni ndilo lililonifikisha nilipofika, jambo ambalo watu huniambia.

"Ningekataa," akasema. "Mama yako alikuwa ameona vizuri. Ningekataa." Akautikisa tena mti wa gia. "Lakini ningekusikiza mpaka Isinya."

Nililia kidogo, naye akaniacha nilie. Tulipotoka, Mzee Koinet aliuliza iko aje, na Baba akamwambia bado inavuja, wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Hakuna aliyezungumza juu ya kulirudisha gari. Tuliagana jua likiwa bado juu.

Ninaposikia watu wa rika langu wakisema zamani ilikuwa nzuri, huwa nachoka zaidi. Zamani kulikuwa na ukame, na mtoto alipelekwa alikopelekwa. Sasa nina gari lenye viti vitano, kipoza hewa na redio inayojua jina langu, na kwa kawaida nimo peke yangu. Siku ile, tulipoingia barabara kuu kutoka Kajiado, nilishusha vioo vyote vinne. Upepo uliingia na vumbi lake. Nikaanza kumweleza Baba, kwa kelele, mambo ambayo sijamweleza mtu: kwamba kazi imenimaliza, kwamba naamka saa kumi na kurudi nyumba ikiwa na giza, kwamba nilipoachwa nilidanganya kila mtu kuwa ni mimi niliyeacha, kwamba sijui ninakimbilia wapi. Mkono wake ulikuwa umelala kati yetu, juu ya gia ambayo haihitaji kushikwa. Kila nilipomaliza jambo, vidole viwili viliinuka kidogo, vikarudi. Hakunikatiza. Ilipoonekana Isinya nilikuwa nimesema yote, na zamu ya kujibu ilikuwa yake. Niligeuka nikaona amelala, mdomo wazi, upepo ukimchezea mvi. Nilipandisha vioo ili asipate baridi, na huko mbele, karibu na nyumbani, foleni ya Kitengela ilikuwa imeshaanza.